Ekwalaiza ya Sebuleni

Fundi wa sauti alipiga makofi mawili katikati ya sebule, akasikiliza yanavyorudi kutoka ukutani, akatikisa kichwa.

"Mama, rudisha zulia na mapazia, mwangwi utaisha. Ekwalaiza ya nini?"

Mama mwenye nyumba aliguna. Zulia na mapazia alikuwa ameyatoa mwenyewe, makusudi mazima, ili mumewe alalamike kwamba sauti inavuma. Mume akalalamika. Mke akamwambia, "Niachie mimi, baba, nitaita fundi."

Kisa chenyewe kilikuwa kanda ya kwaya. Kila Jumamosi alasiri mumewe, mwalimu wa hesabu, aliketi mbele ya spika, akafumba macho na kulia kimyakimya. Kwenye kanda hiyo aliyeongoza nyimbo alikuwa marehemu mke wake wa kwanza. Mke mwenza aliye hai utamtukana, naye atakujibu, mtamaliza. Huyu wa kaburini ungemwambia nini? Miaka minne ya ndoa wivu ulimla mama wa watu kama mchwa. Alijua kumchukia marehemu ni dhambi, akamchukia hivyohivyo.

Hata mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, aliyeitikia sauti ya pili kwenye kwaya hiyo na ndiye aliyemkutanisha na mwalimu, hakumsaidia. "Dada, mwache na kanda yake," alimwambia. "Usichokonoe."

Fundi alitoa mkobani ekwalaiza mbili, vyombo vya kurekebisha sauti. "Hiki kina vidude vitano vya kupandisha na kushusha, kwa sebule kinatosha. Hiki kina thelathini na kimoja. Ni cha studio, kinachambua sauti mojamoja."

"Nipe hicho cha studio."

Wakaweka kanda. Shusha hapo. Hapo tena. Bado, shusha. Fundi akasita. "Mama, huyu anayeongoza anapotea. Hapo chumba hakina kosa lolote."

"Chumba ni cha nani, fundi?"

Fundi akashusha. Sauti ya marehemu ikafifia, ikawa kama ya mtu anayeimba nyuma ya mlango uliofungwa. Mama akaenda jikoni kucheka.

Jumamosi mwalimu aliketi, akafumba macho. Mkewe alisimama nyuma ya kiti akingoja kumwona akinywea. Wimbo wa kwanza ukaisha, na wa pili. Machozi yalimtoka mwalimu kuliko siku zote, lakini alikuwa akitabasamu.

"Mke wangu, Mungu akubariki," alisema. "Miaka yote hii marehemu alikuwa anamfunika mdogo wako. Leo namsikia kila neno."

Mke alishika mgongo wa kiti. "Kwani ulikuwa unamsikiliza yeye?"

"Nilimposa yeye kwanza," alisema mwalimu, huku akirudisha kanda mwanzo. "Akanikataa. Akasema nikujaribu wewe."