Ndege Iliyoanguka Kutoka Juu ya Kabati

"Imeanguka kutoka juu ya kabati," alisema Bi Vlasta, na hiyo ilikuwa mara ya tatu kabla hata hajaketi.

Radim alikuwa ameiinamia ile ndege ya rimoti juu ya meza ya karakana yake, akiligonga bawa lake kwa kucha, polepole, kuanzia nchani kuelekea tumboni, sikio amelitega. Ubao mzima hulia ko, ko. Ubao uliovunjika hufifia. Karibu na tumbo, bawa la kushoto lilinyamaza kabisa.

"Itapona, mwanangu?"

"Itapona, mama. Ilianguka lini?"

"Juzi. Nilikuwa natoa mitungi ya jemu." Akamsogezea sahani ya buchta, vile vimkate vitamu vyenye jemu ya plamu ndani. Pua yake ilikuwa imebabuka kwa jua. "Mzee anarudi kesho. Asijue kitu, tafadhali."

Mzee Alois, mumewe, alikuwa wiki ya tatu kwenye chemchemi za maji ya moto, akitibiwa magoti. Na keshokutwa, Jumapili, ndiyo siku ya klabu yao ya kurusha ndege. Klabu hiyo ina desturi isiyochezewa: rubani ambaye hajawahi kuiangusha ndege yake ndiye anayerusha wa kwanza, na wengine wote husimama wamevua kofia. Ajali za nyumbani hazihesabiwi. Miaka ishirini na sita sasa, wa kwanza ni Alois. Anayemfuatia kwenye foleni ni huyu huyu Radim. Miaka tisa anavua kofia, na kipara chake kinaungua jua.

Bi Vlasta alifika mlangoni, akageuka.

"Na likishaungwa hilo bawa, ukiipandisha kwa kasi haitavuta kushoto?"

"Haitavuta," alisema Radim, akili yake yote iko mezani.

Alipobaki peke yake alikata ngozi ya plastiki ya bawa, akafungua kidirisha cha ukubwa wa karata. Mti mkuu wa bawa, ule unaobeba kila kitu, ulikuwa umepasuka kwa mshazari. Akaingiza kibanio, akachokonoa. Ukatoka udongo. Ukatoka na unyasi mmoja, bado mbichi. Akaitazama pua: mota ilikuwa imesukumwa nyuma kidole kizima.

Haya, kabati gani hilo linaota nyasi?

Radim alicheka peke yake, kisha kicheko kikamkauka. Ndege hii ilikuwa imejichomeka ardhini pua mbele, kutoka juu, tena mota ikiwa inanguruma. Kumbe mzee! Kaiangusha, kaogopa aibu, kaiegesha vibaya juu ya kabati, kisha huyoo, kaenda kuloweka magoti. Mke akifungua mlango, ndege imuangukie, lawama ziwe zake. Mwanamume mzima anamtwisha mkewe mzigo wake. Naye maskini amekuja na buchta kuomba msamaha wa kosa lisilo lake.

Njia ya mwongo ni fupi, alijiambia Radim. Jumapili, mbele ya klabu nzima, angesimama na ule unyasi mkononi. Alimwonea huruma Bi Vlasta, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba moyo ulimruka kwa furaha, maana angalau mwaka huu kofia angebaki nayo kichwani.

Hasira hazikumharibia kazi. Aliunga mti mkuu kwa vipande viwili vya msonobari, kimoja kila upande, virefu mara nne ya ufa, akapaka gundi na kuvibana kwa vibanio vya nguo vya mkewe. Akairudisha mota mahali pake, akatia ubao mpya nyuma yake. Jumamosi asubuhi alipiga msasa, kisha akaliegemeza bawa kwenye viti viwili na kuliwekea katikati mfuko wa unga wa kilo mbili. Halikupinda hata kidogo. Akachomeka pasi, tayari kuligandishia ngozi mpya kwa joto.

Lilibaki jambo moja. Karakana hii aliirithi kwa baba yake, mzee Bedřich, pamoja na desturi yake: kabla hujafunga bawa, andika kwa penseli kwenye ubavu wa kwanza, ule ubao mwembamba uliojificha kando ya tumbo, tarehe na sababu ya kuvunjika. "Nje nyamaza utakavyo," marehemu alizoea kusema, "lakini ndani ya bawa usidanganye."

Na asidanganye, basi. Radim alipanua kidirisha hadi kwenye ubavu wa kwanza. Akatoa penseli nyuma ya sikio, maneno anayo tayari: *Alois ameiangusha, na anajua.* Akaligeuzia bawa dirishani apate mwanga.

Ubavu ulikuwa umeshaandikwa. Mwandiko aliujua, ule mnene wa baba yake, mistari mitatu, mmoja chini ya mwingine.

*Juni 1999. Alois yuko maji ya moto. Vlasta kachelewa kuinua pua.*

*Juni 2004. Alois yuko maji ya moto. Vlasta kaipiga kwenye banda la kuku.*

*Juni 2011. Vlasta tena. Siku hizi anarusha vizuri kuliko Alois, ila hataki mumewe ajue.*