Mchezo wa Kubisha Hodi

Mvua ya tindikali ikianza, ni marufuku kufungua mlango mpaka king'ora kilie. Mvua iliyopita, jirani, Mama Chausiku, alibisha mlangoni kwa Mwasiti huku analia, na Mwasiti akamfokea mbele ya wanawe mwenyewe: "Kafie kwako huko!" Watoto wakaugeuza ule ugomvi mchezo wao wa siku za mvua. Mmoja anabisha, wenzake wanamtimua.

Leo mvua ilimkuta Mwasiti mwenyewe akitoka dukani. Alifika mlangoni mabega yakimuungua, akagonga kwa ngumi zote mbili.

"Tabu, fungua! Ni mimi, mama yako!"

Ndani watoto waliangua kicheko.

"Mama Chausiku huyo, anajifanya mama," alisema Tabu. Kisha akapaza sauti, kali kama ya mama yake: "Kafie kwako huko!"