Nimekubali

Simu ilipowaka, Mzee Makame aliipenda papo hapo.

"Sasa bonyeza hapo penye 'Nakubali', baba," alisema Chausiku, fundi simu.

Mzee akarudisha kidole. "Nakubali nini?"

"Kampuni ijue uko wapi, unaongea na nani, unalala saa ngapi."

"Mimi nimesema 'nimekubali' mara moja tu maishani, mbele ya kadhi." Akamwelekezea kidevu mkewe, Bi Mwanakombo. "Mwenye haki ya kuyajua hayo ni huyu."

Chausiku akacheka, akampa simu nyingine, kuukuu kidogo, aliyokwisha kuiondolea programu zote za kampuni. Ikawaka bila kuuliza neno.

Mzee akaitia mfukoni, roho kwatu.

Bi Mwanakombo akamnyoosha kofia taratibu. "Haya, mume wangu. Simu haiulizi, nauliza mimi. Jana alasiri ulikuwa wapi?"