Kabla Haijabandikwa Ukutani

Kabla ya alfajiri nilisikia kifuniko cha birika kikigongagonga kwa jirani yangu, nikajua ameamka. Nikabisha hodi, ripoti ya ada za wakazi mkononi.

Mimi ndiye mweka hazina wa jengo letu. Asubuhi ile ningeibandika ripoti karibu na ngazi, na jina lake lilikuwa miongoni mwa wanaodaiwa. Sikutaka alikute ukutani.

"Lifute, mwenzangu," alisema nilipomwonyesha. "Nitalipa, mwenyekiti hatajua."

"Nikilifuta lako, nani ataamini yaliyobaki?"

"Basi nenda, Bibi Hazina! Nenda ukatawale ngazi zako."

Niliumia. Ni yeye aliyenilisha kwa kijiko nilipovunjika mkono. Lakini sikufuta. Nilimweleza kwamba kamati humruhusu yeyote kulipa kidogo kidogo, akiomba.

Nikashuka kubandika. Utepe wa gundi ukajikunja. Nyuma yangu nikasikia kandambili zake. Akaunyoosha ule utepe taratibu kwa kidole gumba, pembeni kabisa mwa jina lake.

"Niandikie kidogo kidogo," alisema. "Na kesho uje tena, tunywe chai. Ila uje na sukari yako, maana mimi ni mdaiwa."