Plagi ya Stoo

"Faili la maktaba halipatikani," kompyuta ya mizani iliandika tena.

Ni faili ambalo programu nyingine hulitegemea; nililifuta mwenyewe jana kwenye kompyuta zote, nilipoweka zana mpya za kuundia programu, nikidhani halina kazi tena. Sasa programu ya mizani inalidai na haifunguki. Nje ya ghala letu la ushirika, Lindi, wakulima wamekalia magunia ya korosho huku wingu likizidi kuwa zito. Zikilowa, zinashuka daraja.

"Dada wa kompyuta, tunapima, au unangoja korosho ziote humu guniani?" mmoja aliuliza. Wenzake wakacheka. Nilishindwa kumtazama.

Ndipo nikakumbuka kompyuta ya stoo. Haijazimwa tangu juzi, na programu hiyohiyo ya mizani ingali wazi humo, kwa hiyo bado imelishika lile faili kwenye kumbukumbu; ikizimwa tu, linapotea. Nikiwahi kulinakili, tumepona.

Radi ikapiga. Nikakimbia.

Mama Bertha, mtunza stoo, alikuwa amesimama na plagi mkononi. Kompyuta ameshaifunika kanga, kama tunavyofunika vioo nyumbani radi inapopiga.

"Nimekuokolea, mwanangu," alisema akitabasamu. "Ingeungua hii."

"Ahsante, mama," nikasema, nikaipokea plagi. Ilikuwa bado ya moto.