Pole Kabla ya Safari

Siku hizi kofia ya baiskeli inajua mapema ajali ya siku hiyo, lakini inaiambia familia tu. Mwendeshaji haambiwi, eti hofu ndiyo inayomwangusha.

Tangu nianze kujiandaa na mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio, nimeanguka, nimeshonwa goti, nikarudi barabarani. Kila asubuhi mume wangu Eliufoo huangalia simu yake, kisha husema, "Safari njema."

Leo alinifunga mkanda wa kofia mwenyewe. "Pole na mazoezi, Ndeshi."

"Pole ya nini? Hata sijatoka!"

"Ulimi umeteleza tu, mke wangu."

Nikapanda hivyo hivyo. Getini nikamkuta jirani anashusha viti na turubai.

"Kuna msiba?" nikamuuliza.

Akamtazama Eliufoo.