Neno la Mlangoni

Siku hizo kichwa kilikuwa na mipaka yake: kila neno adimu la Kiingereza lililotiwa kwenye kidude cha nyuma ya sikio lilifuta neno moja la kwenu. Kazini hupandi cheo bila maneno hayo, na Shemsa, binti wa Bi Somoe, alikuwa amepanda mpaka juu.

Ijumaa alikuja kumsalimia mama yake, akasimama mlangoni.

"Mama, nifungulie. Ni mimi."

Bi Somoe alimwona vizuri kupitia dirisha la jikoni, lakini hakusogea. Nyumba yake haikuingiwa bila hodi, hata na aliyezaliwa humo.

"Piga hodi kwanza."

"Nipige nini?"

Mwiko ulimponyoka Bi Somoe mkononi. "Umeitoa hodi? Ukapewa nini?"

"Perspicacious," Shemsa alijibu kwa sauti ndogo. "Ni mtu mwepesi wa kung'amua mambo."

"Na hilo hukuling'amua! Haya, sema nami: hodi."

"Hodi."

"Karibu, mwanangu."

Mlango ukafunguliwa. Shemsa akaketi mkekani, akapewa chai ya tangawizi. Hata hajaionja, kidude kikamemeta nyuma ya sikio lake, naye akakunja uso.

"Mama, nilisema nini pale mlangoni?"

Bi Somoe akampokonya kikombe, akamshika mkono, akamtoa nje na kufunga mlango kwa komeo.

"Sema tena: hodi!" alimwambia kutoka ndani. "Leo tutaona nani atachoka kwanza, mimi au hicho kidude chako."